Anwani za kurasa za tovuti (URL): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye maduka ya mtandaoni, shule, vyombo vya habari, na mafundi wanaowatengenezea tovuti. Mifano mingi inatumia jina duka.example. Majina yanayoishia na .example yametengwa kwa ajili ya mifano tu, kwa hiyo usihangaike kulitafuta.

## Mambo ya msingi

URL ni kitu gani, na ina sehemu zipi?

Ni anwani ya ukurasa, ile ambayo wengi huiita linki. Chukua hii:

`https://www.duka.example/viatu/raba-nyeusi?saizi=42#maoni`

`https` ni itifaki, yaani namna kivinjari kinavyozungumza na seva. `www.duka.example` ni jina la seva, na ndani yake duka.example ndiyo domeni unayoilipia kila mwaka. `/viatu/raba-nyeusi` ni njia. Kinachofuata alama ya kuuliza ni vigezo, na kinachofuata alama ya reli ni mahali fulani ndani ya ukurasa. Hicho cha mwisho hakitumwi kwa seva kabisa, kinaishia kwenye kivinjari. Njia na vigezo ndivyo vinavyoleta kesi karibu zote zilizo hapa chini.

Nikijaza maneno muhimu kwenye anwani, Google itanipandisha?

Kidogo mno. Google wenyewe wanasema maneno yaliyomo kwenye anwani ni ishara nyepesi sana. Kichwa cha ukurasa, maandishi yenyewe na viungo kutoka tovuti nyingine vina uzito mkubwa zaidi. Kuandika `/nunua-raba-nyeusi-bei-rahisi-raba-nzuri-raba-za-kisasa` hakukuongezei nafasi, na mtu akitumiwa hiyo WhatsApp anadhani ni matapeli.

Faida iko kwingine. Roboti wa Google, yaani programu inayopita kusoma kurasa, hapotezi muda kusoma ukurasa uleule kupitia anwani kumi. Mteja anaona anakokwenda kabla hajabofya. Na wewe mwenyewe unaweza kufungua Search Console, huduma ya Google inayoonyesha tovuti yako inavyokwenda kwenye utafutaji, ukachuja kurasa zinazoanza na `/viatu/`, ukajua upande wa viatu unaendaje mwezi huu bila kuchambua ukurasa mmojammoja. Mafundi wengi hawawaelezi wateja wao hili la tatu, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko mengine yote. Anwani iliyopangwa vizuri kwanza ni kazi ya utunzaji, halafu ndiyo mambo ya Google.

Nitenganishe maneno kwa kistari au kwa mstari wa chini?

Kistari: `raba-nyeusi`. Google wanapendekeza hivyo, kwa sababu mstari wa chini unaweza kufanya `raba_nyeusi` ichukuliwe kama neno moja. Tena mstari wa chini hupotea machoni pale kiungo kinapopigiwa mstari. Wikipedia ya Kiswahili hutumia mstari wa chini, kama kwenye `sw.wikipedia.org/wiki/Dar_es_Salaam`, na haijafa njaa. Kama tovuti yako ya zamani iko hivyo na inakwenda vizuri, iache. Usihamishe kurasa mia tatu kwa ajili ya kistari.

Nafasi tupu usiziache kamwe. Zinageuka `%20`, na mtu akinakili anwani kama hiyo kwenye ujumbe, mara nyingi kiungo kinakatikia hapo kwenye nafasi.

Herufi kubwa zina shida gani?

Jina la seva halijali ukubwa wa herufi: `DUKA.example` na `duka.example` ni mamoja. Njia inajali. `/Viatu` na `/viatu` ni anwani mbili tofauti kwa Google, na kwenye seva nyingi za Linux moja itafunguka na nyingine itatoa ujumbe kwamba ukurasa haupo. Tumia herufi ndogo kila mahali, na kama kuna za zamani zenye kubwa, zielekeze kwenye ndogo (tazama «301 na 302 zinatofautianaje?»).

Anwani iwe na urefu gani?

Hakuna hesabu maalumu ya Google kuhusu nafasi. Kiufundi, kwenye ramani ya tovuti (faili inayowaorodheshea Google kurasa zako) anwani inapaswa kuwa chini ya herufi 2,048, na ukifika huko una matatizo mengine makubwa zaidi. Kipimo changu ni sauti: kama huwezi kumsomea mtu kwa simu akaiandika bila kukuuliza tena, ni ndefu.

## Kiswahili ndani ya anwani

Niandike anwani kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Lugha ya anwani ifuate lugha ya ukurasa. Makala ya Kiswahili kuhusu bei ya mahindi ikae kwenye `/bei-ya-mahindi`, si `/maize-prices`. Msomaji anayeona matokeo ya utafutaji anajua mapema atakachokuta, na wewe hutahangaika siku utakapoongeza toleo la Kiingereza kwa sababu jina hilo la Kiingereza litakuwa bado halijatumika.

Tatizo ninalolikuta zaidi ni mchanganyiko usio na sababu: `/products/viatu-vya-wanaume/details`. Hapo fundi aliacha maneno ya mfumo kama yalivyokuja. Mifumo mingi inakuruhusu kuyabadilisha. Kwenye WordPress, kwa mfano, neno `category` linalotangulia makundi linabadilishwa kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu. Weka `mada` au `kundi`, kisha songa mbele.

Ng'ombe, ng'ambo, ng'ang'ania: hiyo alama niiweke?

Iondoe: `/ufugaji-wa-ngombe`. Alama hiyo ina sura mbili. Ile iliyonyooka ikisimbwa inakuwa `%27`, na ile iliyopinda, ambayo simu na Word huiweka zenyewe, inakuwa `%E2%80%99`. Kwa hiyo mtu mmoja akiandika kwa simu na mwingine kwa kompyuta, unaweza kupata anwani mbili za ng'ombe yuleyule. WordPress huziondoa zote mbili yenyewe inapotengeneza anwani kutokana na kichwa. Mifumo iliyotengenezwa na fundi wa mtaani aghalabu haifanyi hivyo, basi ijaribu kwa kichwa chenye «ng'» kabla hujamlipa.

Kwenye kichwa na maandishi ya ukurasa andika «ng'ombe» kama inavyotakiwa.

Niondoe «ya», «wa», «na», «kwa»?

Ushauri wa kuondoa maneno madogo ulitungwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, `/bei-mahindi` inaeleweka lakini inasikika kama telegramu, na `/haki-mtoto` haisemi kama ni haki ya mtoto au haki kwa mtoto. Yaache pale yanapobeba maana. Yaondoe pale kichwa kinapokuwa sentensi nzima: «Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua kiwanja katika maeneo ya pembezoni mwa mji» inatosha kuwa `/kabla-ya-kununua-kiwanja`.

Tovuti yetu ina Kiarabu pia, kwa ndugu walioko Oman. Anwani ziwe za Kiarabu?

Inawezekana, na Google wanazielewa. Ila zikinakiliwa, kila herufi ya Kiarabu hugeuka vipande viwili kama `%D8%B2`, yaani alama sita kwa herufi moja. Neno la herufi tano linakuwa alama thelathini. Kwa tovuti inayosambazwa zaidi kwenye makundi ya WhatsApp, ningeandika anwani kwa herufi za Kilatini na kuacha Kiarabu kwenye kichwa na maandishi.

Tovuti ya lugha mbili ipangwe vipi?

Kila lugha iwe na anwani yake. Usitegemee kitufe kinachobadilisha maneno huku anwani ikibaki ileile, maana Google ataona lugha moja tu. Njia rahisi ni folda: `/sw/` na `/en/`. DW wako `dw.com/sw`, na BBC wako `bbc.com/swahili`. Wikipedia wamechagua kikoa kidogo, yaani neno linalotangulia domeni, `sw.wikipedia.org`. Zote zinafanya kazi. Kwa mtu mwenye tovuti moja na fundi mmoja, folda ndiyo yenye gharama ndogo.

Kisha kila ukurasa utaje wenzake wa lugha nyingine kwa hreflang, alama ya kwenye msimbo inayosema ukurasa ni wa lugha gani, na wenzake nao wautaje. Ukitaja upande mmoja tu, Google wanapuuza. Msimbo wa Kiswahili ni `sw`. Ukitaka kutenganisha nchi, ni `sw-TZ` na `sw-KE`. Nimeona `tz` ikitumika kama lugha, na `swa` ya herufi tatu. Zote hazitambuliki. Na kama maandishi ya Tanzania na Kenya ni yaleyale neno kwa neno, tumia `sw` peke yake.

## Kupanga sehemu za tovuti

Ukurasa uingie ndani folda ngapi?

Mbili zinatosha tovuti nyingi: `/viatu/raba-nyeusi`. Wingi wa mikwaju (alama ya `/`) wenyewe si kosa. Google wanaangalia zaidi ukurasa uko mibofyo mingapi kutoka mwanzo kuliko idadi ya mikwaju kwenye anwani. Lakini kila folda unayoongeza ni jambo jingine linaloweza kubadilika kesho.

Jaribio zuri: futa kipande cha mwisho cha anwani uone kinachofunguka. Ukiwa kwenye `/viatu/raba-nyeusi` na ukafuta raba, `/viatu/` lazima ifungue orodha ya viatu. Ikitoa ukurasa tupu au hitilafu, folda hiyo ni pambo tu.

Bidhaa moja iko kwenye makundi mawili. Nifanyeje?

Ipe bidhaa anwani isiyotaja kundi: `/bidhaa/raba-nyeusi`. Makundi yawe kurasa zake (`/viatu/`, `/michezo/`) zenye viungo vya kwenda huko. La sivyo utakuwa na `/viatu/raba-nyeusi` na `/michezo/raba-nyeusi`, kurasa mbili zenye maneno yaleyale zikigombania nafasi moja. Kama mfumo wako unalazimisha hivyo, soma «Canonical ni nini?».

Tovuti yangu ni ya nyumba za kupanga. Majina ya mahali yakae wapi?

Anza na kikubwa, kwa sababu majina ya mitaa yanajirudia kuliko watu wanavyofikiri. Majengo ipo Mombasa, ipo Nairobi, ipo Moshi, ipo Dodoma. Kilimani ya Nairobi si Kilimani ya Unguja. Ukiweka `/nyumba/majengo`, siku utakapopata tangazo la pili kutoka mji mwingine utakwama, au mfumo utajiongezea `/majengo-2`, ambayo haimsaidii yeyote.

Weka `/kupanga/mombasa/majengo/` na `/kupanga/moshi/majengo/`. Ngazi ya mkoa au kaunti iongeze pale tu inapohitajika. Tanzania ina mikoa 31 na Kenya kaunti 47, na nyingi zina jina moja na mji wake mkuu, basi `/mwanza/mwanza/` itawachekesha watu bure. Amua mapema kwamba `/mwanza/` ni mji au ni mkoa mzima, uandike uamuzi huo mahali, na usiubadilishe.

Tangazo lenyewe usilifungie kwenye bei wala idadi ya vyumba. `/kupanga/moshi/majengo/vyumba-viwili-laki-mbili` litakuwa uongo mwenye nyumba akipandisha kodi. Namba ya tangazo inatosha: `/tangazo/48213`, au namba ikifuatiwa na maneno machache.

Niweke mwaka au tarehe kwenye anwani?

Inategemea kama ukurasa unahusu tukio au jambo linalorudi. Chukua matokeo ya kidato cha nne. Baraza la Mitihani la Tanzania huyatangaza mara moja kwa mwaka, miaka ya karibuni mwezi Januari, na siku hiyo nchi nzima inaandika maneno yaleyale kwenye simu. Tovuti nyingi za elimu hufungua ukurasa mpya kila mwaka: `/matokeo-kidato-cha-nne-2023`, kisha `/matokeo-kidato-cha-nne-2024`. Kila mmoja unaanza sifuri: hauna aliyeuunganisha, roboti hajaupitia. Ule wa mwaka jana, wenye viungo vyote, unaendelea kutokea juu. Mzazi anabofya, anatafuta namba ya mtihani ya mwanawe, haioni, roho inamruka. Kumbe anasoma matokeo ya watoto waliomaliza mwaka uliopita.

Mpangilio ninaoupendekeza ni ukurasa wa kudumu, `/matokeo/kidato-cha-nne/`, ambao daima unabeba matokeo mapya. Mapya yakitoka, ya zamani yanahamia `/matokeo/kidato-cha-nne/2023/`. Mwaka unaandikwa kwenye kichwa cha ukurasa, na huko unabadilishwa kila Januari bila kugusa anwani. Darasa la saba na kidato cha sita wanapata folda zao humohumo chini ya `/matokeo/`. Viungo vya miaka yote vinajikusanya mahali pamoja, na wiki moja kabla ya kutangazwa unaweza kuweka maelezo ya namna ya kuangalia, ukurasa ukawa tayari umeshajulikana.

Mantiki hiyohiyo ni ya tarehe za Ramadhani, nauli elekezi, kalenda ya mihula, bei ya mafuta ya kila mwezi. Habari ya tukio ni kitu kingine. Ajali, uchaguzi na mechi vina siku yake, na mwaka ndani ya anwani unamsaidia msomaji. Ushauri usiozeeka, kama namna ya kufunga tenki la maji, usiupe tarehe. Ukiuboresha baada ya miaka mitatu, anwani itaendelea kusema ni mzee.

Kwenye WordPress nichague mpangilio upi?

«Post name» kwa tovuti nyingi. Blogu ya habari inayotoa makala nyingi kwa siku inaweza kuweka mwaka na mwezi mbele, kwa sababu ya vichwa vinavyojirudia. Ule wa `?p=123` usiuache kwenye tovuti inayotazamwa na watu.

Chagua siku ya kwanza. Kubadilisha baadaye kunawezekana, lakini soma kwanza sehemu ya «Kubadilisha anwani».

Blogu ya duka iwe kwenye blogu.duka.example au duka.example/blogu?

Folda, isipokuwa kuna sababu ya kiufundi, kwa mfano blogu iko kwenye seva nyingine usiyoweza kuiunganisha. Google wanasema wanazimudu zote mbili. Ila kikoa kidogo mara nyingi kinakuja na mipangilio yake, takwimu zake na fundi wake, na baada ya muda kinageuka tovuti ya pili isiyotunzwa.

.co.tz, .co.ke, .com au .africa?

Domeni ya nchi inawaambia Google kwamba wasomaji wako wako nchi hiyo. Duka linalopeleka mizigo Tanzania pekee linanufaika na .co.tz, na la Kenya na .co.ke. Ukiuza nchi zote za Afrika Mashariki, .com au .africa, iliyoanza 2017, haikufungi kwenye nchi moja. Hata hivyo usinunue zote ukaweka nakala zilezile za tovuti kila mahali. Nyingine zielekeze kwenye moja.

## Ukurasa mmoja, anwani nyingi

Yenye www na isiyo na www, http na https: kuna tofauti?

Kwa Google hizo ni anwani nne za ukurasa mmoja. Chagua moja, iwe ya https (tangu 2014 Google wanaihesabu kama ishara ndogo ya kupanga matokeo), na tatu zilizobaki zielekee huko kwa hatua moja. Mkwaju wa mwisho nao vivyo hivyo: `/viatu` na `/viatu/` ni mbili. Ule wa baada ya domeni tupu pekee ndio haubadilishi kitu.

Vichujio vya duka vinatengeneza maelfu ya anwani. Ni tatizo?

Ndiyo, na hapa ndipo maduka makubwa yanapoumia. Piga hesabu. Rangi 8, saizi 10 na chapa 12 zinatoa michanganyiko 960 mtu akichagua kimoja kutoka kila kichujio. Vigezo vitatu vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wa aina sita, `?rangi=…&saizi=…` au kinyume chake, na kama mfumo hauvipangi unapata anwani 5,760 kwa orodha moja ya viatu. Roboti anazunguka humo, na bidhaa mpya uliyoiweka jana hajaifikia.

Amua vichujio vipi watu wanavitafuta kweli. «Raba nyeusi» wanaitafuta, kwa hiyo iwe ukurasa kamili wenye njia yake, `/viatu/raba-nyeusi/`. «Raba saizi 42 kuanzia bei ya chini» ni kazi ya aliyekwisha kuingia dukani. Hiyo ibaki kwenye vigezo, na mfumo uvipange kila mara kwa mpangilio mmoja. Chombo cha Google cha kusimamia vigezo kiliondolewa mwaka 2022, kwa hiyo makala za zamani zinazokutuma huko zipuuze. Unachoweza kutumia leo ni robots.txt, faili linalowaambia roboti wasipite wapi, kwa mfano mstari `Disallow: /*?*saizi=`.

Je, robots.txt inaondoa ukurasa Google?

Hapana. Inazuia roboti kuusoma. Anwani bado inaweza kutokea kwenye matokeo, bila maelezo, kama kuna tovuti nyingine zinazoiunganisha. Kuuondoa kunahitaji agizo la `noindex` ndani ya ukurasa, na ili roboti alione agizo hilo lazima aruhusiwe kuingia. Ukifanya vyote viwili kwa pamoja umemfungia mlango kisha ukambandikia tangazo ndani.

Canonical ni nini?

Ni mstari kwenye sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa unaosema «anwani yangu kuu ni hii»: `<link rel="canonical" href="https://www.duka.example/bidhaa/raba-nyeusi">`. Ilianzishwa 2009 na Google, Yahoo na Microsoft kwa pamoja. Andika anwani nzima, si nusu. Google huuchukua kama pendekezo. Viungo vyako vya ndani, ramani ya tovuti na canonical vikitaja anwani tatu tofauti, watachagua wenyewe.

Kwa nini anwani zangu zina fbclid na utm?

`fbclid` huwekwa na Facebook mtu anapobofya kiungo huko. `utm` unaiweka wewe au mtu wako wa matangazo ili kujua wageni wametoka wapi. Hazina madhara kama canonical iko sawa. Ila usiweke utm kwenye viungo vya ndani ya tovuti yako: vinavuruga takwimu, na mgeni aliyetoka Google anaonekana ametoka kwenye bango lako mwenyewe.

Kurasa za 2 na 3 za orodha zielekezwe kwenye ya kwanza?

Hapana. Kila moja iwe na canonical yake yenyewe. Bidhaa zilizo ukurasa wa 3 hazimo kwenye wa 1.

## Kubadilisha anwani

Tovuti yangu ya zamani ina anwani mbaya. Nizibadilishe?

Kama inaletewa wageni na hakuna kinachokatika, mara nyingi jibu ni hapana. Kila badiliko linagharimu wiki za Google kupitia upya, na kuna viungo ambavyo hutavifikia kamwe: vilivyochapishwa kwenye vipeperushi, vilivyo kwenye makundi ya WhatsApp, vilivyohifadhiwa na wateja. Badilisha unapohamia mfumo mpya, kwa sababu hapo utavuruga mambo hata hivyo, au pale anwani inapodanganya.

301 na 302 zinatofautianaje?

Zote zinamhamisha mgeni kutoka anwani ya zamani kwenda mpya; mafundi huita ridairekti. 301 inasema nimehama moja kwa moja, 302 inasema nimetoka kidogo. Kuhama kwa kudumu tumia 301. Vivinjari hukumbuka 301 kwa muda mrefu, hivyo ukikosea, hiyo 301 itaendelea kumpeleka mteja pabaya hata baada ya kurekebisha seva. Jaribu kwanza kwa 302, hakikisha, kisha weka 301.

Ridairekti nizitunze muda gani, na ziruke mara ngapi?

Google wanashauri angalau mwaka mmoja. Mimi nasema usizitoe kama hazikugharimu kitu. Kuruka kuwe mara moja tu: roboti wa Google hufuata hadi mara kumi, lakini mteja mwenye bando la wasiwasi anasubiri kila mruko.

Kwa seva zinazotumia programu ya Apache, mstari ni mfupi: `Redirect 301 /kiatu /viatu/`. Angalia mtego wake. Agizo hilo linashika pia chochote kilicho chini ya `/kiatu/`, na kubandika kilichobaki mwishoni mwa anwani mpya. Ukitaka ukurasa mmoja tu, tumia `RedirectMatch` yenye `^` mwanzo na `$` mwisho.

Je, WordPress haifanyi hayo yenyewe?

Kwa sehemu. Ukibadilisha anwani ya makala iliyokwisha kuchapishwa, huikumbuka ya zamani na kuelekeza. Kwa kurasa za kawaida, kama «Kuhusu sisi», haitunzi kumbukumbu hiyo. Usiitegemee. Weka plagini ya ridairekti au andika mwenyewe.

Ni sawa kuelekeza kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo?

Si sawa. Google huzichukulia kama kurasa zisizokuwepo, na mtu aliyetafuta kiatu anajikuta sebuleni haelewi. Elekeza kila ukurasa kwenye unaofanana nao. Usiofanana na wowote uache utoe 404, yaani jibu kwamba ukurasa haupo. Kwa bidhaa iliyoisha kwa muda, ukurasa ubaki, uandike «imeisha» na uonyeshe zinazokaribiana nayo.

## Hali zisizo za kawaida

Tovuti yetu ina alama ya reli kwenye kila anwani: `/#/viatu`. Google wanaona?

Kwa kawaida hawaoni chochote baada ya `#`, kwa hiyo tovuti nzima ni ukurasa mmoja kwao. Mwambie fundi atumie History API, ambayo hubadilisha njia ya kweli bila kupakia upya. Na seva iwe tayari kujibu mtu akifungua `/viatu` moja kwa moja.

Mfumo wetu unaweka namba ya simu ya mteja kwenye anwani ya risiti. Kuna ubaya?

Mkubwa. Anwani hubaki kwenye historia ya kivinjari, kwenye kumbukumbu za seva, na mteja anaweza kuisambaza bila kujua. `/risiti?simu=07…` inamtoa hadharani mtu ambaye namba yake ndiyo akaunti yake ya pesa. Vivyo hivyo `/ankara/1045`: mdadisi atajaribu 1046, na kama mfumo haukagui nani ameingia, ataona ya jirani. Tumia msimbo mrefu usiokisika, na ukaguzi juu yake. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, kwa hiyo hili limeshatoka kwenye mambo ya adabu.

Tunatangaza redioni. Tutumie vifupisho vya viungo?

Tumia vifupi vya domeni yako: `duka.example/ofa`, ikielekeza kwa 302 kwenye ofa ya mwezi huo. Mtangazaji anaweza kuisoma na msikilizaji aliye kwenye daladala akaikumbuka. Epuka vistari kwenye anwani za kusomwa kwa sauti. Nusu ya wasikilizaji hawataviandika. Vya huduma za wengine vina hatari yake: Google waliacha kutengeneza viungo vipya vya goo.gl mwaka 2019.

Kwenye ripoti naona anwani kama /viatu/viatu/viatu/. Zimetoka wapi?

Kuna kiungo kilichoandikwa bila mkwaju wa mwanzo: `href="viatu/"` badala ya `href="/viatu/"`. Kila ukurasa unaongeza kipande, na seva inajibu sawa kwa vyote. Rekebisha kiungo, na seva itoe 404 kwa njia isiyokuwepo.

Na anwani za kamari na dawa ambazo sikuziandika mimi?

Tovuti imevamiwa. Andika `site:duka.example` kwenye Google uone zimefika ngapi. Badilisha nywila zote, ya hostingi na ya hifadhidata zikiwemo, sasisha mfumo na plagini, ondoa akaunti za wasimamizi usiowajua, na angalia Search Console kama kuna mtu aliyejiongeza kuwa mmiliki. Faili zikishaondolewa, anwani hizo zitoe 404 au 410 (jibu kwamba ukurasa umeondolewa kabisa). Usizifungie kwenye robots.txt: roboti anapaswa kuingia ili aone kwamba hazipo tena.